Msheireb na Voi: Nani Mwenye Stesheni ya Kale?

Kuanzia tarehe 15 hadi 25 Juni 2014, Kamati ya Urithi wa Dunia ilikaa Doha kwa kikao chake cha 38. Pwani ya Afrika Mashariki ilipata habari mbili kutoka kikao hicho. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyokuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2004, yaliondolewa humo. Pori la Akiba la Selous likaingizwa humo kwa sababu ya ujangili. Wajumbe wakaagana, wakarudi makwao. Mji uliowakaribisha haukuwa bado na reli ya abiria. Mahandaki ya metro ndiyo kwanza yalikuwa yakichimbwa chini ya mitaa yake.

Miaka mitano ikapita. Tarehe 8 Mei 2019 sehemu ya kwanza ya Metro ya Doha ilifunguliwa, na kabla ya mwaka huo kwisha njia zake zote tatu zilikuwa zikibeba abiria. Njia hizo hukutana Msheireb, katikati ya mji. Anayeshuka hapo huingia chini ya dari za matao mapana, kuta zake zikimeremeta kama ganda la ndani la chaza. Kampuni ya wasanifu iliyobuni stesheni hizo, UNStudio ya Uholanzi, ilichota maumbo yake kutoka majengo ya Kiarabu na hema za mabedui. Vichwa vya treni vikapewa uso unaokumbusha farasi wa Kiarabu. Nchi isiyokuwa na historia ya reli ilijishonea historia ya kuivalisha reli yake. Lulu, hema na farasi, mambo yasiyowahi kukaribiana na mvuke wala makaa, yalipewa kazi ya kuzifanya stesheni mpya zionekane kama zilizokuwapo tangu zamani.

Ni rahisi kucheka, na msomi wa Afrika Mashariki anayepita Msheireb huenda akacheka. Kicheko hicho kinamrudia mwenyewe. Huko alikotoka ziko stesheni ambazo hazihitaji kuvalishwa kitu. Zina zaidi ya miaka mia moja, zimepitiwa na vita viwili vikuu, migomo, njaa, mazishi na harusi, na bado hazihesabiwi kuwa za kale. Doha imetengeneza ukale mahali ambapo haukuwapo. Afrika Mashariki inao, na imeuweka nje ya sheria.

Kabla ya kufika kwenye sheria hiyo, haki inataka Doha isomwe vizuri zaidi ya kwenye dari za stesheni. Hatua chache kutoka Msheireb zimesimama nyumba nne za zamani zilizoachwa wakati mtaa uliozizunguka ulipobomolewa na kujengwa upya. Zilifunguliwa mwaka 2015 kama makumbusho. Mbili kati yake zinamhusu moja kwa moja msomaji wa Kiswahili. Nyumba ya Bin Jelmood, iliyokuwa ya mfanyabiashara wa watumwa, leo inaeleza utumwa katika Bahari ya Hindi, pamoja na watu waliotolewa pwani ya Afrika Mashariki na bara lake wakaletwa Ghuba kupiga mbizi za lulu, kulima mitende na kutumika majumbani. Qatar ilipiga marufuku utumwa mwaka 1952. Wapo watu hai waliozaliwa kabla ya tarehe hiyo. Kuufungulia mlango utumwa katika mtaa ulio kitovu cha mji mkuu, chini ya jina la mfanyabiashara mwenyewe, ni jambo ambalo miji mingi yenye historia kama hiyo haijalithubutu. Nyumba ya pili ni ile iitwayo Nyumba ya Kampuni, iliyokuwa makao ya kampuni ya kwanza ya mafuta nchini. Haikugeuzwa kuwa hekalu la wakurugenzi. Imewekwa kwa ajili ya wafanyakazi: watu waliokwenda Dukhan kuchimba mafuta baada ya biashara ya lulu kuanguka.

Hapa ndipo penye fundisho, na penye kasoro pia. Mji uleule ulioheshimu vibarua wa mafuta wa miaka ya 1940 ulijengewa metro na vibarua kutoka Nepal, India, Bangladesh, Kenya na kwingineko, chini ya mfumo wa kafala uliomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake hadi marekebisho ya 2020. Hao hawana nyumba Msheireb. Mtu anaweza kuheshimiwa katika makumbusho baada ya miaka sabini, akiwa hawezi tena kudai mshahara. Hata hivyo kanuni iliyotumika katika Nyumba ya Kampuni ni sahihi: jengo la kazi huhifadhiwa kwa ajili ya waliofanya kazi. Kanuni hiyo ndiyo inayokosekana kabisa katika stesheni za Afrika Mashariki, na hakuna mahali kukosekana huko kunapoonekana wazi kama Voi.

Voi ni mji mdogo wa Taita-Taveta, kati ya Mombasa na Nairobi. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ilipita hapo kabla ya kufika Tsavo mwaka 1898, ikaendelea hadi Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Kwa maandishi mengi ya kitalii historia ya sehemu hiyo inaishia kwa simba. Kwa Voi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika mpakani, Waingereza walianza mwaka 1915 kutandika reli ya haraka kutoka Voi kuelekea Taveta, kupitia Maktau, ili kubeba askari, maji na mizinga dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1916 reli hiyo iliungana huko Kahe na reli ya Wajerumani ya Tanga na Moshi. Kwa hiyo makutano ya Voi ndipo mahali ambapo himaya mbili zilizokuwa zikiuana ziliunganishwa kwa mataruma, na ndipo mtandao wa reli wa nchi mbili ulipopata kiungo chake cha kwanza. Stesheni chache duniani zinaweza kudai jambo zito kama hilo.

Voi kuna makaburi ya vita, yanayotunzwa na tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola, mawe yake yakiwa na majina na tarehe. Wapagazi waliobeba vita hivyo mabegani, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara, malaria na njaa, kwa sehemu kubwa hawana jiwe. Wameachiwa neno tu. Carrier Corps ya Waingereza iligeuka katika vinywa vya watu kuwa Kariakoo, na leo Kariakoo ni soko Dar es Salaam na mtaa Nairobi, ambako wanunuzi wa vitunguu hawana habari kuwa wanatamka jina la jeshi la wafu. Wapagazi hao walipopanda mabehewa kwenda Maktau, walipandia Voi. Jukwaa la stesheni ndilo lililobeba uzito wa miguu yao. Askari mwenye jiwe anaweza kukumbukwa makaburini. Mpagazi asiye na jiwe ana stesheni tu.

Sheria ya Kenya inasema nini juu ya mahali kama hapo? Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, ikirithi iliyokuwapo kabla yake, inatambua kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Reli ilianza 1896. Injini, kengele, taa ya gadi, saa ya ukutani, mashine ya simu ya maandishi, vyote hivyo vilishuka melini baada ya mstari kupigwa. Jengo nalo haliwi mnara wa kumbukumbu kwa umri wake. Linangoja waziri alitangaze katika Gazeti Rasmi. Mwaka 1895 haukuchaguliwa kwa bahati nasibu. Ndio mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake Afrika Mashariki. Maana iliyojificha ndani ya tarehe hiyo ni kwamba ukale uliisha siku Mwingereza alipoingia, na kila kilichofuata ni mambo ya sasa.

Tanzania ilikata mbali zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Wakati sheria inatungwa, hiyo ilikuwa karne moja nyuma, na mtu anaweza kuelewa hesabu iliyofanywa. Lakini watunzi waliandika mwaka badala ya kuandika umri, na mwaka hausogei. Ukale wa Tanzania uligandishwa. Reli ya kwanza ya nchi hiyo ilianza Tanga mwaka 1893, miaka thelathini baada ya mlango kufungwa. Reli ya Kati iliondoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kama sheria ingesema tu miaka mia moja, basi kila stesheni ya Kijerumani iliyosalia, kuanzia Tanga hadi ile ya Kigoma inayotazama ziwa, ingekuwa ya kale leo bila waziri yeyote kushika kalamu. Kosa la neno moja katika kifungu cha tafsiri limeiacha karne nzima ya kazi bila mlinzi, na inashangaza kwamba wasomi wanaoweza kubishana mwaka mzima juu ya tarehe ya shairi hawajaona haja ya kubishana juu ya tarehe hiyo.

Umiliki nao haukusaidia. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja pamoja na bandari. Mwaka 1969 likaundwa shirika jipya la reli la Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na kila nchi ikachukua chake. Baadaye ukaja ukodishaji: Kenya na Uganda kwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006, Tanzania mwaka uliofuata. Kila mkono ulipobadilika, injini na mabehewa yalihesabiwa. Mikataba ya namna hiyo huandikwa na wanasheria wa usafirishaji, na lugha yao haina neno la kumbukumbu. Daftari la zamu la stesheni ndogo si mali wala deni. Ni karatasi tu, na karatasi hutupwa.

Zipo pingamizi mbili, na kila moja ina watu wake.

Ya kwanza ni kwamba reli ni mali ya mkoloni, na kuihifadhi ni kumpigia mkoloni magoti mara ya pili. Wanaosema hivi hawajakosea juu ya historia. Reli ya Uganda ilipita katika nchi ya Wanandi kwa moto, na upinzani wa miaka kumi ulifikia kilele chake Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alipouawa. Reli ya Kati ilianzishwa mwaka uleule Maji Maji ilipowaka kusini mwa Tanganyika. Wafanyakazi 31,983 waliletwa kutoka India kujenga Reli ya Uganda. 2,493 kati yao walikufa kazini, na zaidi ya elfu sita walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Haya yote ni kweli, na ndiyo sababu stesheni zisiguswe. Anayebomoa jengo kwa hasira dhidi ya aliyelijenga anachoma jalada la kesi kabla ya hukumu kusomwa. Huko Madina, stesheni ya Reli ya Hijazi, iliyojengwa na dola ya Waosmani na kufikiwa na treni mwaka 1908, leo ni makumbusho. Wasaudi hawakuirudisha dola hiyo kwa kulitunza jengo lake.

Tena, reli haikubaki mali ya mkoloni. Iliporwa, na waporaji walikuwa wasemaji wa Kiswahili. Ushahidi umo ndani ya lugha. Stesheni, tikiti, reli na gadi ni Kiingereza kilichofuliwa. Gari lilitoka India. Landhi, nyumba za mistari za wafanyakazi wa reli ambazo jina lake limebaki katika barabara na mitaa ya Nairobi, zilikuja na haohao waliotoka Bara Hindi. Na behewa? Neno hili lilikuwapo pwani kabla ya treni. Ni la Kiarabu, lenye maana ya ukumbi au ua wa ndani wa nyumba, na watu walipoona chumba kirefu kilichowekwa juu ya magurudumu wakalihamisha bila kuomba ruhusa. Mswahili anayefanya kazi katika hoteli ya Doha hukutana na neno mama yake kila siku, kwa kuwa Waarabu wangali wanaita ukumbi wa kuingilia bahw. Pale karani aliposema kwamba gari limefika na gadi yumo behewa la mwisho, Kihindi, Kiingereza na Kiarabu vilikuwa vikibebwa mgongoni mwa sarufi moja ya Kibantu. Reli ilikuwa chuo cha Kiswahili kabla ya chuo chochote kuwa na idara ya Kiswahili. Mluo, Mkamba, Mnyamwezi na Mgoa waliokaa landhi moja hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania zamu ya bomba la maji.

Wala hawakugombania maji peke yake. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 uliwashika wafanyakazi wa bandari na wa reli pamoja. Wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma mwaka 1960 kwa zaidi ya miezi miwili, nchi ikiwa karibu kupata uhuru, na mgomo huo ulikuwa somo ambalo serikali ya baada ya uhuru ililikumbuka ilipoanza kuvibana vyama vya wafanyakazi. Mgomo wa reli hausambai kwa hewa. Husambazwa na madereva, magadi na makarani wa simu, stesheni hadi stesheni. Anayeiita stesheni ya Voi au Tabora jengo la mkoloni anawanyang'anya watu hao jengo lao.

Pingamizi ya pili inavaa sura ya mapenzi, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi. Ni ya wale wanaoipenda reli ya zamani kama picha: vitambaa vyeupe vya meza, supu inayomwagika kwenye kona, twiga dirishani, na lile jina la dharau waliloipa Waingereza wenyewe kwamba ni reli ya wendawazimu. Sehemu ya diaspora imelichukua jina hilo kwa furaha. Treni za abiria za njia hiyo kati ya Nairobi na Mombasa zilipokoma mwaka 2017, maombolezo mengi yalikuwa ya chakula cha jioni.

Tazama mapenzi hayo yamehifadhi nini. Simba wawili wa Tsavo, waliopigwa risasi na J. H. Patterson Desemba 1898, wamesimama katika makumbusho ya Field huko Chicago, ambako wameonyeshwa tangu miaka ya 1920. Patterson alidai kwamba simba hao waliwala watu 135. Mwaka 2009 watafiti walipima kemia ya mifupa na manyoya yao, wakakadiria kwamba idadi iko karibu na 35. Yaani maabara zimefanya kazi ili kujua kwa usahihi simba wawili walikula nini, ilhali wale 2,493 wamebaki tarakimu katika ripoti. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971 na ambayo yanastahili sifa kwa kuwapo tu, yana behewa ambalo mnamo Juni 1900, likiwa limesimama katika stesheni ndogo ya Kima, simba aliingia usiku akamkamata mkuu wa polisi wa reli, Charles Ryall, akatoka naye dirishani. Behewa liliokolewa na jina la Ryall halijapotea. Kima imebaki jina katika hadithi ya mtu mwingine. Mzungu mmoja aliyeliwa na simba ana behewa lake. Maelfu waliokufa kwa homa hawana hata ubao ukutani. Huu si uhifadhi wa reli. Ni uhifadhi wa safari ya kuwinda.

Baadaye zikaja reli mpya, na pamoja nazo jambo la kustaajabisha. Stesheni za SGR ya Kenya, iliyofunguliwa mwishoni mwa Mei 2017, zilijengwa kwa mafumbo ya mandhari: ya Mariakani imechukua mnazi, ya Miasenyi imechukua milia ya punda milia. Stesheni ya SGR ya Dar es Salaam, ambako treni za abiria za Morogoro zilianza Juni 2024, imepewa umbo la tanzanaiti. Hii ni hila ileile ya Msheireb, lulu ikibadilishwa kwa kito kingine na farasi kwa punda milia. Qatar ina udhuru, kwa kuwa haikuwa na stesheni ya zamani ya kuiga. Msanifu aliyetumwa Voi kutafuta alama ya mahali alikuwa na makutano ya reli ya vita, landhi na tangi la maji. Kwamba akili ya taifa inapotafuta alama ya Ukambani au Taita inamwona mnyama kabla ya kumwona mfanyakazi, hilo linaeleza mengi juu ya nani bado anashika kamera.

Wapo watakaosema jambo hili lipelekwe Paris, kwa UNESCO, lingoje Doha nyingine. Orodha ya Urithi wa Dunia haina chuki na reli: Semmering ya Austria imo tangu 1998, reli ya Darjeeling tangu 1999, stesheni ya Chhatrapati Shivaji ya Mumbai tangu 2004, Reli ya Kuvuka Iran tangu 2021. Ile ya Mumbai, jengo la Kiingereza lililochongwa na mafundi wa Kihindi, ni jibu la kutosha kwa pingamizi ya kwanza. Tanzania nayo iliweka katika orodha yake ya muda, mwaka 2006, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Ni hatua njema, na inakamilisha kwa upande wa pili hadithi inayosimuliwa katika Nyumba ya Bin Jelmood. Ila njia hiyo haikufa yenyewe. Reli ya Kati ilifuata sehemu kubwa ya mapito yake na kumfanya mpagazi wa msafara akose kazi, na mwanawe akawa kibarua wa mataruma. Orodha inayotambua msafara na kuikataa reli inaifunga hadithi sura moja kabla ya mwisho wake.

Hata hivyo stesheni ya mji mdogo haitaokolewa na kamati ya dunia, na haina haja. Kamati hutafuta thamani ya pekee kwa binadamu wote. Maktau haina thamani hiyo, wala Kima, wala Mombo. Thamani yao ni kwa Wataita, Wakamba na Washambaa, kwa wajukuu wa mafundi wa Kipunjabi, na kwa kila anayeitumia lugha iliyokomaa kwenye majukwaa hayo. Ngazi ya kuwatetea watu hao ni kaunti na wizara. Zanzibar ina onyo lake karibu na nyumbani: reli ndogo kutoka mjini hadi Bububu, iliyofunguliwa 1905 na kuacha kubeba abiria 1922, ilipita katika mitaa myembamba kiasi cha watu kujibana ukutani. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya dunia mwaka 2000. Garimoshi la Bububu linaishi katika kadi za posta.

Hoja ya fedha itajibiwa kwa ufupi, maana hutolewa kwa ufupi. Hakuna anayedai stesheni zipakwe dhahabu. Tangazo la Gazeti Rasmi ni ukurasa mmoja. Kurekebisha kifungu cha mwaka 1863 kiwe kifungu cha miaka mia moja ni kazi ya kikao kimoja cha Bunge. Jengo lenye paa linaweza kuwa maktaba ya mji, ofisi ya ushirika au ukumbi wa shule, alimradi mpango wake wa ndani, landhi zake na daftari zake visiguswe. Kilicho ghali ni kurudi baadaye kutengeneza tanzanaiti.

Lililo ghali kwa namna nyingine ni wazee. Waliokuwa magadi na wapiga ishara mwaka 1960, wakiwa vijana wa miaka ishirini, sasa wamepita themanini. Vyuo vya Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar vina wanafunzi wa fasihi simulizi wanaotumwa kila mwaka kukusanya methali na ngano ambazo zimekwisha kukusanywa mara kumi. Hakuna sababu ya kitaaluma inayowazuia kutumwa landhi za Voi na Tabora na kinasa sauti, wakaandika majina ya zana, nyimbo za kutandika reli, matusi ya zamu ya usiku, na jinsi habari za mgomo zilivyopita kwenye waya bila bwana stesheni kuelewa. Diaspora iliyoko Doha, London na Minneapolis, inayochangia misikiti, makanisa na mazishi kwa ukarimu usio na kifani, ingeweza kugharimia kazi hiyo bila kungoja serikali yoyote.

Kwa Voi utaratibu unajulikana. Sheria ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza kusudio, kuweka ramani ya mipaka, kupokea pingamizi, kisha kulithibitisha tangazo. Mipaka hiyo ichorwe kwa upana: jukwaa, tangi la maji, karakana, landhi, makutano yenyewe, na kipande cha kwanza cha njia ya kwenda Maktau ambacho wapagazi walipandishwa. Pingamizi zikija, ziandikwe Kiswahili, zisomwe hadharani palepale stesheni, mbele ya watu wanaoishi kando ya reli.